Betri ya Kale Nyuma ya Jiko Langu

Mume wangu alichimba nyuma ya jiko siku niliyokuwa nachapa mayai ya keki ya chini, ile kubwa kuliko zote. Ningechungulia dirishani mapema, haya yote yasingetokea. Lakini mashine ya kukorogea ina kelele, na mwanamume akitulia nyumbani unashukuru Mungu, huendi kumuuliza anafanya nini.

Nianze na hiyo keki. Ukumbi mkubwa wa sherehe pale mjini ulikuwa umegombana na mwokaji wake. Meneja wa ukumbi, mama mwenye miwani na maneno machache, akanipa harusi moja ya majaribio: keki ya ghorofa tatu, iwe mezani Jumamosi mchana. Ikisimama na ikilika, keki zote za ukumbi zitakuwa zangu. Isiposimama, nisimpigie simu tena. Alisema hivyo hivyo, bila kutabasamu, nami nikampenda papo hapo.

Nina stashahada ya upishi na nina oveni, na nyumba yetu inasimama juu ya hivyo viwili. Tangu ofisi ya bima alikokuwa mume wangu ifunge tawi lake, oveni ndiyo inayosomesha watoto, ndiyo inayotuvisha, na ndiyo inayochaji simu ya mume wangu, ambayo ndiyo iliyotuletea balaa.

Simu ilimfundisha mengi. Ilimfundisha kwamba watu wa kale walikuwa na umeme, walikuwa na ndege, na walikata mawe kwa mwanga. Maarifa hayo yalipotea kwa mafuriko, au kwa moto, au yalifichwa na wakubwa, inategemea umefungua video ipi. Akajiunga na kundi la watafiti humo humo simuni, wakamwita Profesa. Kule kwenye bima, miaka yote, alikuwa "yule wa madai". Mtu aliyenyang'anywa dawati anahitaji kiti mahali, kwa hiyo sikumsumbua. Hata mtaa ulilichukua jina. Ukiuliza nyumba yetu nao wanakuuliza: ya mama keki au ya Profesa? Ukijibu yoyote wanakuelekeza mlango ule ule.

Kasoro ya maarifa yake ilikuwa moja tu: hayakugusa kitu chochote cha humu ndani. Bomba la sinki lilipovuja, aliniambia watu wa kale walipandisha maji milimani bila pampu. Bawaba ya kabati ilipokatika, alinieleza habari za kuta za mawe zilizoungwa bila saruji, hata wembe haupiti katikati. Nikamwambia kwenye mlango wa kabati langu anapita paka. Akasema nafikiri mambo madogo.

Nyumba yenyewe ni ya wakwe zangu. Baba mkwe aliijenga kwa mikono yake, kidogo kidogo, akafariki kabla sijaolewa. Namjua kwa picha ya sebuleni na kwa swichi, maana alikuwa mtu wa kubandika swichi kila mahali, nyingine hadi leo hatujui zinawasha nini. Mama mkwe tunaishi naye. Na mama ana desturi moja. Jioni, hasa wakati wa kiangazi, anachukua ndoo yake ndogo, anazunguka nyuma ya jiko na kumwaga maji mahali pale pale, karibu na ukuta, pasipo na ua wala mchicha. Anamwaga taratibu, anangoja yazame, anarudi ndani. Mara moja moja huongeza konzi ya chumvi ya mawe. Mimi nilichukulia kwamba ni mambo yake na marehemu. Mjane ana haki ya kumwaga maji anapotaka. Mume wangu ameiona ndoo hiyo tangu anavaa kaptula, naye hakuwahi kuuliza, kwa kuwa mambo ya ndoo hayakuwa mambo yake.

Wiki hiyo mama hakuwepo. Alikuwa kwa wifi yangu, aliyejifungua, anasaidia kuogesha mtoto. Na ndiyo wiki ambayo watafiti walianza kujadili kwamba mila za wazee ni kumbukumbu za mashine zilizosahaulika. Watu wanaendelea na kitendo, walisema, maana yake imepotea. Mume wangu akasukuma sahani, akaanza kuhesabu kwa vidole. Maji, chumvi, mahali pamoja, kila jioni. Kesho yake akachukua sururu.

Kwa nini hakumpigia mama yake simu? Nami nilimuuliza hivyo baadaye. Alinijibu kwa upole, kama anayeongea na mtoto aliyeanguka, kwamba mwenye mila ndiye mtu wa mwisho kujua maana ya mila. Mama alikuwa chombo cha kuhifadhia kumbukumbu, basi. Ukimuuliza unachafua ushahidi.

Akatokea mlangoni mwa jiko na matope hadi viwikoni, amekumbatia kitu.

"Mama watoto, zima mashine. Historia imebadilika."

"Ingoje kidogo, mayai hayajashika."

Alipoingia nacho nikakiona: mtungi wa udongo, mkubwa kiasi cha kubeba kwa mikono miwili, mdomo wake umepasuka upande mmoja. Ndani yake mlikuwa na makaa meusi yaliyogandamana na chumvi, na katikati ya makaa imesimama fimbo ya shaba. Kwenye kichwa cha fimbo palikuwa na kipande cha waya mnene, wa shaba pia, kimekatwa mwishoni. Akaniambia hiyo ni betri. Watu wa kale walitengeneza betri za mitungi, wataalamu wanakataa, sasa watakataa na hii? Nikamuuliza waya umekatwa na nani. Akasema yeye mwenyewe, kwa msumeno wa chuma, kwa sababu upande wa pili ulikuwa umeingia ndani ya mwamba na haukutoka. Hapo sauti yake ilishuka. Hebu nifikirie, alisema, shaba imepenya mwamba, hakuna tundu, hakuna ufa. Fundi gani wa leo anaweza?

Nilimuuliza kama amefukia shimo. Alisema eneo la utafiti halifukiwi, na kwamba amelizungushia kamba. Ilikuwa kamba yangu ya kuanikia.

Mchana ule nikaingiza keki ya chini kwenye oveni. Nilipotaka kuitazama, mkono una maji kidogo, nikashika kipini cha mlango, na kitu kikanipiga hadi begani. Nikarudi nyuma, nikaegemea friji, nayo ikanipiga. Nikasimama katikati ya jiko langu mwenyewe, mikono juu kama mtu aliyekamatwa, nikiangalia vyombo vyangu na kutojua kipi bado ni rafiki. Nilipogusa bomba la sinki kwa kucha tu, nalo likanijibu.

Profesa alikuja mbio. Sikuwahi kumwona na furaha vile tangu siku ya harusi.

"Inafanya kazi," alisema.

Maelezo yake yalikuwa mafupi. Kabla ya kuchimba, jiko halikurusha. Baada ya kuchimba, linarusha. Nguvu iliyolala miaka elfu imeamka. Nami nilibaki nikisugua bega, maana jambo la kwanza lilikuwa kweli na la pili pia lilikuwa kweli. Akauhamisha mtungi kutoka sebuleni hadi chumbani ili kupima kama nguvu itapungua, akanituma nikashike friji. Nilimwambia aende akaishike yeye. Akasema mtafiti hatakiwi kuwa sehemu ya jaribio.

Nikaita fundi umeme. Alikuja na testa yake, akaigusisha oveni, taa ikawaka. Friji, ikawaka. Bomba, ikawaka. Alikuna kichwa kwa bisibisi akauliza kuna kitu gani kimebadilika hapa nyumbani siku hizi. Lilikuwa swali zuri. Bahati mbaya alimuuliza Profesa, na Profesa akamwonyesha mtungi. Fundi aliuangalia kwa muda mrefu, akainama, akaigusa ile fimbo ya shaba, na mimi nikasema moyoni, haya, sasa litatoka neno. Neno likatoka: aliomba kupiga picha. Chuoni, alisema, walimfundisha kwamba umeme uligunduliwa juzi juzi tu, na yeye tangu siku ile hakuridhika. Alipotaka kwenda kuangalia kule nyuma, Profesa alimzuia akisema kamba haivukwi bila idhini ya kundi. Hadi chai inaisha, fundi alikuwa ameshaingia kundini. Aliniambia oveni na friji vimezeeka vyote, ninunue vipya, na kwa sasa nivae viatu. Akaondoka.

Nikavaa viatu, ndala za mpira juu ya soksi, nikaendelea. Ilikuwa kazi ya ajabu. Kila nilipotaka kufungua oveni nilikimbia koridoni, nikazima swichi kuu, nikarudi, nikafungua, nikachoma kijiti, nikafunga, nikakimbia kuwasha. Watoto niliwapiga marufuku kukanyaga jikoni, wakawa wanakula mikate sebuleni kama wakimbizi. Usiku nilizima umeme wote, maana sikuwa tayari kuamka na maiti kwa ajili ya glasi ya maji baridi. Na umeme ukizimwa, friji inazimwa, na friji ikizimwa krimu inalegea. Keki ya katikati niliipoteza kabisa. Nilisahau kuzima swichi, nikapigwa, nikaubamiza mlango wa oveni, keki ikazama katikati kama godoro la mtu mnene. Basi hadi Ijumaa nilikuwa na keki ya chini, nzima. Keki ya juu, nzima. Bakuli moja la krimu niliyoitengeneza upya. Na ghorofa ya katikati hewa tupu.

Na Ijumaa ndiyo siku ambayo watafiti walikuja.

Nilimwomba Profesa aahirishe. Akaniambia Mwenyekiti wa kundi ameshafunga duka. Mwenyekiti aliuza mapazia, na alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza kama anayekuuzia kitambaa. Alikuja na watu kadhaa. Walivua viatu mlangoni kwa heshima, wakajaa sebuleni. Mume wangu alivaa suti yake ya bima. Nilipotoka jikoni kutafuta kibao changu cha kuzungushia keki, ambacho bila hicho huwezi kupaka krimu ikalingana, nilikikuta katikati ya meza ya sebule. Mtungi ulikuwa umekaa juu yake, na Profesa anauzungusha taratibu ili kila mtu aone pande zote.

Nilisema kibao ni changu na nakihitaji. Wakanigeukia wote kwa uso wa watu waliokatizwa ibadani. Mwenyekiti akanipa pole kwa niaba ya kundi, akasema historia itanikumbuka. Kisha akaendelea kueleza ule ufa wa mdomo wa mtungi. Haukuwa ufa, alisema. Mistari ile mitatu inayokutana mahali pamoja ni ramani ya nyota, na ukiilinganisha na anga unaona walikotoka waliotengeneza betri. Mmoja wao akahema. Fundi wangu wa umeme, ambaye naye alikuwepo, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu la maisha yake.

Nikarudi jikoni. Nilikuwa na mchanganyiko mpya wa keki ya katikati unaosubiri, oveni inapata moto, na krimu imesimama vizuri ndani ya bakuli juu ya meza. Mwenyekiti akanifuata. Alitaka maji ya kunywa, akasema nisisumbuke, atajihudumia. Nilisema usiguse, lakini nilisema nikiwa nimeinama, na yeye alikuwa mtu wa kusikia sauti yake tu. Akaegemeza kiganja kimoja kwenye ukingo wa sinki, akashika friji kwa kiganja cha pili, miguu iko ndani ya soksi tupu.

Ilimpiga, ikamwachia, akarudi kinyumenyume hadi kwenye meza yangu. Bakuli likaruka. Niliiwahi keki ya chini kwa kifua, nikaikumbatia. Krimu sikuiwahi. Mwenyekiti alikaa sakafuni, bakuli limemgeukia mapajani, nywele zake chache zimesimama, na kundi zima likajaa mlangoni kumwangalia. Nilidhani atalia. Alivuta pumzi.

"Imenitambua," alisema.

Wakapiga makofi.

Hapo ndipo maji yaliponifika shingoni. Nilikwenda koridoni nikazima swichi kuu, nikarudi sebuleni kuuondoa ule mtungi kwenye kibao changu na kuutupa nje kwa dirisha, bila kuchagua dirisha. Nilikuwa nimeshaushika nilipoona mlango wa mbele uko wazi na mama mkwe amesimama hapo, mkoba begani, anahema kwa safari.

Picha ilikuwa imezunguka. Ilitoka kwenye kundi ikaingia makundi mengine, hadi simu ya wifi yangu, ambaye alimwonyesha mama akimwambia, ona kaka amegundua nini. Mama alivaa viatu akaondoka, mtoto akamwacha na sabuni kichwani.

"Mtungi wangu unafanya nini mezani?" aliuliza.

Mume wangu alimwomba akae kwanza, aelezwe. Mama akakaa. Nampenda mama mkwe kwa mengi, lakini siku ile nilimpenda kwa jinsi alivyokaa. Mwenyekiti, krimu bado iko kwenye suruali, akamweleza polepole mtungi wake mwenyewe: umri wake, waliouleta, nguvu yake, nyota zake. Mama alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Hiyo nyota uliipiga wewe. Jiwe la manati. Ukajificha uvunguni, na baba yako akakutoa kwa mguu. Umesahau?"

Profesa aliupapasa ule ufa kwa kidole.

"Mtungi ulikuwa wa maji ya kunywa," mama aliendelea. "Ulipopasuka, baba yako akasema usitupwe, anao mpango nao. Haya, na waya nani kaukata?"

Mume wangu alisema kwa sauti ndogo kwamba waya uliingia mwambani.

"Mwamba gani? Ule ni msingi wa jiko. Zege lile alilimwaga baba yako, na maji nilichota mimi."

Fundi umeme aliondoka mlangoni akaenda nyuma. Safari hii aliivuka kamba bila idhini. Tulimwona dirishani akichuchumaa penye shimo, akifuata kwa kidole ile shaba iliyotokeza kwenye zege, juu hadi ukutani, upande wa pili wa swichi kuu. Alikaa kule muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Mama hakuhitaji fundi. Aliweka mkoba chini akatueleza kama alivyoelezwa. Baba mkwe alikuwa amemwambia kwamba umeme ni kama mlevi, kuna siku unakosea njia. Ukikosea, uwe na njia ya kwenda chini, usije kwa watoto. Njia ndiyo ule waya, na chini kwenyewe ni ule mtungi: shaba, makaa, chumvi. Lakini udongo ukikauka umeme haushuki. Kwa hiyo alipougua alimwachia mkewe kazi moja, amwagie maji.

"Miaka yote mnaniona na ndoo," alisema. "Hakuna aliyeuliza. Mlidhani nafanya nini?"

Alikuwa ananiangalia mimi pia.

"Nilidhani unaomboleza, mama."

"Nimwombolezee kwenye ukuta wa jiko?"

Mwenyekiti alikohoa. Akamuuliza mama, kwa heshima zote, mzee alijifunzia wapi ufundi huo. Mama akasema kwa mafundi wenzake. Na mafundi hao walifundishwa na nani? Na waliowafundisha? Mwenyekiti akaligeukia kundi, akafungua mikono, kana kwamba mama amethibitisha kila kitu. Kisha akasema, kwa ile sauti ya mapazia, kwamba mara nyingi wazee huagizwa kusema hivi. Wasilaumiwe. Ila Profesa asikubali kunyamazishwa. Mtungi uondoke leo uende mahali salama, dukani kwake.

Wote wakamwangalia mume wangu. Mimi pia nilimwangalia. Sitasema uongo, nilimhurumia. Humu sebuleni ndimo walimokuwa watu pekee waliomwita kwa cheo, na upande wa pili alikuwepo mama yake anayekumbuka manati, na mke mwenye keki yenye ghorofa mbili badala ya tatu.

"Mwanangu," mama alisema, "mkeo ana kazi ya kesho. Lete jembe."

Mume wangu aliuweka mkono juu ya mtungi. Kisha akavua koti la suti akalitundika kwenye kiti, akaubeba mtungi kutoka kwenye kibao changu, akamwambia Mwenyekiti kwamba mkutano umeahirishwa. Mwenyekiti akauliza hadi lini. Mume wangu akasema hadi keki iishe. Wakatafuta viatu vyao mlangoni, wakichanganya vya kushoto na vya kulia, wakaondoka. Fundi alibaki.

Walifanya kazi wawili, mama amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiamuru. Makaa kwanza. Siyo hayo, yapondeni. Chumvi sasa, msiionee huruma. Fundi akaunga waya kwa kibano cha shaba alichokwenda kukifuata mwenyewe bila kutumwa, akakaza, akakaza tena. Hakuniangalia usoni, na bili hakuleta. Wakafukia. Mama akainuka, akajaza ndoo, akamkabidhi mwanawe. Profesa akamwaga. Alimwaga haraka, mama akamwambia polepole, unamnywesha, humwogeshi.

Nikawasha swichi kuu. Fundi alitoa testa, nikamwambia airudishe mfukoni.

"Friji atashika Profesa," nilisema. "Bila viatu."

Hakubisha. Alivua soksi zenye matope, akasimama juu ya sakafu yangu, akafumba macho, akashika mlango wa friji kwa kiganja kizima. Tulingoja. Friji ikanguruma kama kawaida yake.

"Vipi?" mama aliuliza.

"Hakuna kitu."

"Ndiyo kazi yake. Hakuna kitu."

Akafumbua macho. Akashika oveni, hakuna kitu. Akashika bomba, akalifungua, akanawa. Kisha akaniletea kibao cha kuzungushia keki, amekipangusa udongo wote, akauliza aweke wapi.

Keki ya katikati iliumuka vizuri. Krimu niliipiga upya, na mume wangu alishika bakuli. Jumamosi tuliibeba keki yote mapajani, kila mmoja na ghorofa yake, mama akiwa na ya juu. Nikaipandisha pale pale mezani. Meneja wa ukumbi aliizunguka mara moja, akaikata upande wa nyuma kipande chembamba, akala. Akaniambia wiki ijayo ni mbili, na moja iwe ya chokoleti. Akaenda zake. Nilikaa kwenye kiti cha mgeni asiyefika nikavua viatu.

Siku chache baadaye fundi alifungua oveni akakuta waya wa ndani umekwanguka, unagusa bati, na kwa kuwa friji na bomba vimefungwa kwenye waya ule ule wa chini, umeme wa oveni ulifika kote. Alisema umekuwa hivyo siku nyingi. Muda wote huo ule mtungi ulikuwa ukiupokea huo umeme na kuupeleka chini, na sisi tunaoka, tunakula, tunabishana habari za watu wa kale. Aliubadilisha kwa dakika chache.

Kundi liligawanyika. Mwenyekiti aliandika kwamba Profesa amenyamazishwa na mamlaka za juu. Kwa mara ya kwanza kundi lile lilisema jambo la kweli; mamlaka yenyewe ilikuwa sebuleni kwetu ikinywa chai. Mume wangu hajaacha video zake, lakini siku hizi akikaa na mama yake anamuuliza mambo. Hii swichi ya koridoni inawasha nini? Lile bomba lililozibwa lilikuwa linakwenda wapi? Mama humjibu moja, halafu humwambia akarekebishe bawaba ya kabati kwanza, ndipo apate la pili. Kabati langu sasa linafunga. Bomba la sinki halivuji. Maarifa yanarudi, taratibu.

Ndoo ya jioni ni kazi yake sasa. Na mimi, kwa kuwa simwamini mtu yeyote atakayekaa nyumba hii baada yetu, nilichukua brashi na rangi nyeusi nikaandika ukutani nyuma ya jiko, kwa herufi kubwa: HAPA PANA WAYA WA UMEME. MWAGIA MAJI. USICHIMBE.

Profesa alisimama na ndoo yake akausoma ule ukuta, akatikisa kichwa. Aliniambia haitasaidia. Lugha hubadilika. Ikipita miaka elfu, hakuna atakayeweza kuyasoma maneno yale. Watu watadhani ni dua.

"Basi watamwagia maji," nilimwambia. "Inatosha."